Sisemi tena "hana kitu"

"Sista, hiyo si ya wajawazito?"

Nimeulizwa swali hilo na wanaume wengi hata sitafuti tena jibu jipya. Safari hiyo muulizaji alikuwa kijana wa bodaboda aliyeletwa na wenzake watatu kutoka pande za Miritini. Trela lilikuwa limembana, akarushwa pembeni na kuangukia ukingo wa saruji kwa ubavu wa kushoto. Shati limechanika, kiatu kimoja hakipo, na nguvu za kubishana bado anazo. Wenzake wakacheka. Nikamwambia ndiyo, ni altrasaundi ile ile ya wajawazito, hebu lala chali, na ujue jeli hii ni baridi.

Mimi ni mpiga picha, lakini si wa harusi. Nilianza na eksirei, nikasomea altrasaundi baadaye, na kwa miaka kumi na minne sasa nimewatazama watu wa Mombasa kwa ndani: kwanza katika hospitali moja ya kisiwani, sasa katika nyingine upande wa bara. Mchana ni mimba, vijiwe vya nyongo na tezi dume za wazee. Usiku ni ajali. Barabara ya kwenda Nairobi hailali, na matrela yanayotoka bandarini yanagawana njia na tuktuk, matatu, bodaboda na watu wanaokatiza kwa miguu na mizigo kichwani. Kinachotemwa na barabara hiyo baada ya isha huja kwetu.

Kijana aliniambia tumbo haliumi. Kinachomuuma ni bega la kushoto. Nikalishika bega, nikaliinua, likazunguka bila yeye kukunja uso. Basi mzaha ukaniisha. Neva inayohudumia kiwambo, ule ukuta wa misuli unaotenga kifua na tumbo, inatokea shingoni, jirani na neva za bega. Damu ikikusanyika chini ya kiwambo, ubongo hupokea malalamiko na kudhani yametoka begani. Nimekutana na watu wawili waliokandwa mabega kwa dawa ya kuchua kumbe bandama limepasuka.

Kipimo nilichomfanyia tunakiita FAST. Ni altrasaundi ya dakika mbili tatu yenye swali moja tu: je, kuna maji mahali pasipofaa kuwa na maji? Naangalia sehemu nne. Kulia, kati ya ini na figo. Kushoto, kati ya bandama na figo, na pale juu ya bandama penyewe. Chini, nyuma ya kibofu. Kisha kwenye chembe cha moyo, probu, kile kichwa cha mashine ninachokishika mkononi, nikiielekeza juu, kuona kama moyo umezingirwa na damu. Siku hizi tunapanda hadi kifuani kutazama mapafu pia, ila mimi leo nasimulia ya tumbo.

Damu kwenye skrini si nyekundu, ni nyeusi. Mawimbi ya sauti hupita ndani ya maji bila kugonga kitu cha kuyarudisha, kwa hivyo mkojo, maji na damu mbichi vyote huonekana vyeusi tii, na havikuambii kipi ni kipi. Kati ya ini na figo pana mfuko ambao vitabuni una jina la Morison, mpasuaji wa Uingereza. Mtu akilala chali, huo ndio bonde la tumbo la juu, na damu ni kama mvua ya Mei mjini kwetu: haijali imenyesha wapi, inatafuta bonde. Damu iliyotoka kwenye bandama, kushoto, unaweza kuikuta imetuama kulia. Mwanafunzi anayeanza huona weusi kulia akatangaza kwamba ini limepasuka. Polepole, mwanangu. Hapo umeona kidimbwi tu, na bomba lililopasuka huenda liko mtaa wa pili.

Kwa yule kijana niliona ukanda mwembamba kulia, na mwingine mnene juu ya bandama. Presha yake 118 kwa 74, mapigo 108 kwa dakika. Presha nzuri, moyo una haraka kidogo. Kwa kuwa alikuwa ametulia, alipelekwa siti skani, ile eksirei ya kompyuta inayomwonyesha mtu kipande kwa kipande, ikaonyesha ufa ndani ya bandama, daraja la tatu kati ya matano. Na hapo ndipo mamake aliponijia, maana mimi ndiye niliyekuwa naongea Kiswahili cha kueleweka.

"Mwanangu, wasema bandama limepasuka. Hawampasui, hawamwachi ende nyumbani. Wampima damu tu kila mara. Wangoja nini?"

"Mama, wangoja lijizibe lenyewe."

Akanitazama kama niliyemwambia gurudumu litajiziba pancha. Lakini ni kweli. Zamani bandama likipasuka lilikuwa linatolewa, basi. Leo, mgonjwa akiwa ametulia, na kukiwa na mtu wa kumtazama usiku na mchana na thieta, chumba cha upasuaji, iliyo tayari akibadilika, mengi huachwa yapone. Na ni heri. Bandama ndilo linalochuja damu, likakamata vijidudu vya nimonia na vya homa ya uti wa mgongo, na chembe za damu zilizoingiliwa na malaria. Asiye nalo anatakiwa achanjwe, na kila homa aichukulie kuwa jambo la kukimbilia hospitali, maisha yake yote. Kumweleza hayo mtu anayeishi Pwani, ambako mbu ni kama jamaa wa nyumbani, ni rahisi. Kumfanya ayafuate ni kazi nyingine. Kijana alilazwa siku sita, akakatazwa pikipiki kwa miezi mitatu, nami nikamkuta stejini baada ya mwezi na nusu, amevaa kofia ngumu mpya. Akanipungia mkono. Sikujua nifurahi au nimrushie kiatu.

Nimeanza na huyo kwa sababu napenda kumsimulia. Aliyenifunza kazi ni mwingine, wa miaka mingi nyuma, nilipokuwa bado kisiwani.

Alikuwa mtoto wa miaka kumi. Alikuwa akiendesha baiskeli ya binamu yake huko Likoni, gurudumu likaingia shimoni, usukani ukageuka, na ncha yake ikamdunga juu kidogo ya kitovu. Mamake alimvusha kwa feri, amemkumbatia, buibui limejaa vumbi. Mtoto alikuwa amekaa kimya, anajibu vizuri, presha sawa. Tumboni alikuwa na alama ya duara, nyekundu, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Niliiona. Hata niliifuta jeli juu yake.

Nikaangalia kulia: kavu. Kushoto: kavu. Nyuma ya kibofu: kavu. Moyo: safi. Nikarudia mara ya pili kwa sababu ni mtoto. Kavu kote. Nikageuka, nikamwambia mamake kwa furaha ya kweli, "Mama, hana kitu."

"Alhamdulillahi," akasema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Daktari wa zamu alikuja mbio, ana wagonjwa wengine saba, akasoma nilichoandika, nilichoandika kilikuwa kifupi mno, akampa mtoto dawa ya maumivu na kumruhusu. Simlaumu. Karatasi yangu ilimwambia jambo limekwisha.

Baada ya saa thelathini na sita wakarudi. Mtoto anatapika kijani, ana homa, tumbo gumu kama ubao, hataki hata shuka limguse. Safari hii aliwekwa kitako akapigwa eksirei ya kifua. Chini ya kiwambo, upande wa kulia, palikuwa na mwezi mwandamo mweusi. Hewa. Hewa haina kazi mahali hapo isipokuwa utumbo umetoboka. Alipofunguliwa walikuta tundu kwenye utumbo mwembamba, kubwa kuliko punje ya mbaazi kidogo tu. Walilishona, wakamwosha tumbo. Kidonda kikashika usaha, akakaa wodini karibu wiki tatu. Akapona.

Nilikwenda kumwona siku ya nne. Mamake hakunigombeza. Aliniuliza tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaka kuelewa: "Si ulisema hana kitu?"

Nimelirudia swali hilo kichwani mara nyingi kuliko nilivyorudia somo lolote la chuoni. Picha haikuwa imekosea. Saa ile tumbo lilikuwa kavu kweli. Ncha ya usukani husukuma utumbo hadi uti wa mgongo, ukabanwa katikati, ukapasuka. Kinachovuja mwanzoni ni matone machache ya uchafu, wala si damu ya kujaza bonde. Altrasaundi hii kwa kawaida huhitaji kama mililita 200 hivi, na mara nyingi zaidi, ili weusi uonekane kati ya ini na figo, yaani theluthi mbili za soda ya chupa ya mililita 300. Chini ya hapo unaweza kutazama mpaka macho yakutoke. Isitoshe utumbo umejaa hewa, na hewa ni pazia: mawimbi ya sauti hayaivuki. Vilevile viungo vilivyo nyuma ya utando wa tumbo, kongosho, mwanzo wa utumbo mwembamba, figo, na mishipa mikubwa, vinaweza kuumia vibaya na damu yake ikabaki huko huko nyuma, isifike kwenye mabonde yangu manne. Kongosho ni msiri kuliko wote. Hata siti skani ya saa za mwanzo inaweza kulionyesha zima, na kesho yake likawa limevimba.

Kwa hiyo palipoharibika ni kinywani mwangu. Sisi watu wa Pwani tuna maneno ya kumpoza mtu moyo, na "hana kitu" ni mojawapo. Mtoto akianguka ukutani shangazi husema hana kitu huku akimfuta damu. Ni dua zaidi kuliko habari. Mimi nililitumia kama dua, mamake akalipokea kama habari, daktari akalisoma kama hukumu. Nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa kidogo sana kuliko neno hilo: saa nane na robo mchana, katika sehemu nne, sikuona maji.

Na ile alama ya duara! Hiyo ndiyo iliyokuwa picha ya kutazamwa, na haikuhitaji mashine. Tangu siku ile, mtoto akija na alama ya usukani tumboni, au abiria wa matatu akija na mstari wa mkanda umemchora chini ya kitovu, naandika alama kwanza, skani baadaye. Mkanda unaokaa juu ya tumbo badala ya juu ya nyonga hufanya kazi ile ile ya usukani: huubana utumbo na mgongo. Nimewaambia watu hilo hata ndani ya matatu, wakanitazama kama mwendawazimu. Vaa mkanda, lakini ushushe uje mifupani.

Siku hizi ripoti yangu ina saa. Ina neno "irudiwe" na muda wake. Mwenzangu mmoja alinitania kwamba naandika kama karani wa mahakama. Nikamwambia heri karani.

Kuna mzee mmoja mpasuaji, amestaafu sasa na hufuga kuku Mtwapa, ambaye alikuwa na desturi ya kuingia chumbani kwangu akasimama nyuma yangu bila kusema neno. Yeye alianza kazi kabla ya mashine hizi kuenea. Alinisimulia walivyokuwa wakipima damu ya tumboni: mrija unapitishwa kwa tundu dogo chini ya kitovu, lita moja ya maji ya dripu inamiminwa ndani, halafu mfuko unashushwa sakafuni maji yarudi. Njia hiyo iliandikwa Marekani mwaka 1965. Maji yakirudi, unaliweka gazeti nyuma ya mrija. Ukiweza kuyasoma maandishi, mgonjwa anaweza kungoja. Usipoweza, nenda thieta. "Taifa Leo lilikuwa mashine yetu," alisema. Baadaye Wajerumani na Wajapani wakaonyesha kwamba altrasaundi inaweza kujibu swali lile lile bila kumtoboa mtu, na jina FAST likashika miaka ya 1990. Mzee hakulilia gazeti lake. Ila alikuwa akisema kipimo cha zamani kilikuwa na faida moja: hakuna aliyekidhania kuwa ni dawa.

Hapo alikuwa analenga siti skani.

Familia ya Mombasa ikipata ajali, sentensi ya kwanza ni "yuko hai?" na ya pili ni "ashapigwa siti skani?" Mchango unapita kwa M-Pesa, shemeji wa Dubai anatuma, na mtu akitoka kwenye mashine ile watu wanapumua kama aliyekwisha kutibiwa. Nawaelewa. Lakini nimeona pia, mwanzoni mwa kazi yangu, baba mmoja aliyekuwa na presha ya kupanda na kushuka, dripu mbili zinakimbia, akisukumwa kwa kitanda kupita ukumbi mrefu hadi kwenye mashine kwa sababu kila mtu alitaka kujua hasa kilichopasuka ni nini. Moyo ulisimama akiwa bado juu ya meza. Picha ilitoka nzuri sana. Ini lilikuwa limechanika karibu nusu.

Kwa hiyo miaka miwili baadaye, alipoletwa abiria wa matatu, presha 76 kwa 40, jasho la baridi, nami nikaweka probu nikaona weusi kulia, weusi kushoto, utumbo unaelea kama ngalawa, na daktari kijana akasema tumpeleke siti skani tujue ni kiungo gani, yule mzee alitoka nyuma yangu na kusema maneno manne: "Picha haizibi mshipa, twende." Wakamkimbiza thieta. Uliokuwa unavuja ulikuwa mshipa wa utando unaoubeba utumbo. Ndugu zake walitoa damu usiku ule ule, mmoja akiwa bado na sare ya bandarini. Aliishi.

Kanuni ni hiyo, na ni ya dunia nzima, si ya mzee wangu peke yake: presha imeanguka na tumbo lina maji, thieta. Presha imetulia, nenda siti skani, maana hapo ndipo mashine ile inapokuwa na thamani ya pesa yake.

Na thamani inayo. Mimi si adui wa siti skani, ninavutiwa nayo mno. Ilitumiwa mara ya kwanza kwa mgonjwa London mwaka 1971, na aliyeiunda ni injinia, si daktari, Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 akapata Nobeli pamoja na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg aliyekuwa amepiga hesabu zake kabla. Mashine inakipa kila kitu namba, na namba hizo zina jina la Hounsfield. Maji ni sifuri. Hewa ni elfu moja chini ya sifuri. Damu iliyomwagika karibuni ni kama 30 hadi 45. Damu iliyoganda huzidi hapo, na kwa kuwa huganda pale pale inapotokea, tonge zito kuliko mengine hukuelekeza kwenye kidonda. Kile ambacho altrasaundi yangu haikiwezi, kutofautisha mkojo na damu, au kidimbwi na bomba, yenyewe inakijibu kwa namba. Mgonjwa akidungwa ile dawa ya mshipani ya kung'arisha picha, unangoja kama sekunde sabini, kisha unapiga. Ukiona dawa imetoka nje ya mshipa na kutapakaa kama wino mweupe, hapo hapo mtu ashike simu, maana damu inatoka wakati tunaangalia.

Bei yake, mbali na shilingi, ni mionzi. Siti skani moja ya tumbo huwa na kama milisivati 8 hadi 10, wakati mionzi ya kawaida ya ardhini na angani humpa mtu kama 2.4 kwa mwaka. Si ya kumtisha mtu aliyegongwa na trela. Kwa mtoto aliyeanguka kitandani, anacheza na anakula, ni ya kufikiria mara mbili. Na kwa mgonjwa wa figo ile dawa ya mshipani inahitaji mazungumzo kwanza.

Kuna makosa madogo pia, ya kuchekesha yakishapita. Mzee mmoja mnywa mnazi alianguka kutoka kibarazani. Nikaona weusi kila mahali, moyo ukanidunda, nikapiga simu, thieta ikaanza kutayarishwa. Mzee mwenyewe anaimba. Mpasuaji akamtazama macho yaliyopiga manjano, akamtazama miguu iliyovimba, akaomba sindano. Yakatoka maji rangi ya chai ya rangi. Ini lilikuwa limechakaa miaka mingi, na maji yale aliingia nayo hospitalini. Weusi ni maji tu, mashine haikuahidi zaidi. Hali kadhalika mwanamke kijana: maji kidogo nyuma ya mfuko wa uzazi yanaweza kuwa ya kawaida ya mwezi wake, na yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ikapasuka siku ile ile aliyoanguka na tuktuk. Ndiyo maana tunaomba mkojo na kupima mimba hata kama anaapa.

Na nina ugomvi mmoja na manesi, ugomvi wa mapenzi. Mgonjwa wa ajali akifika, mtu hodari huweka katheta, mrija wa kutoa mkojo, haraka kupima mkojo. Vizuri. Lakini kibofu kilichojaa ndicho dirisha langu la kuona nyuma yake. Kikishakauka, utumbo unashuka na hewa yake unaniziba. Nawaomba tu: niachieni dakika tatu kabla hamjafungua bomba. Wengine wamenizoea, wakiniona wanashika katheta mkononi na kungoja kama wanaongoja feri.

Kisu ni habari nyingine kabisa. Aliyechomwa kisu tumboni, skani safi haimwondolei kitu. Hapo namwachia mpasuaji kidonda chake, sisemi mengi.

Juzi, katika zamu ya usiku, aliletwa mama wa makamo, muuza samaki, tuktuk ilipinduka naye Magongo. Ana michubuko ubavuni, presha nzuri, mapigo mazuri, hasira nyingi kwa sababu karai lake la samaki limebaki barabarani. Nilimpima saa nne usiku. Sikuona maji. Nikaandika saa, nikaandika michubuko ilipo, nikaandika irudiwe. Saa nane na dakika kumi nikaisukuma mashine hadi wodini, nikawasha taa ndogo.

"Si ushanipima wewe?"

"Nilikupima saa nne, mama. Sasa ni saa nane."

"Na hiyo saa nne uliona nini?"

"Sikuona maji."

"Sasa je?"

"Sasa ndio naangalia."

Kulia, kavu. Kushoto, nikamwomba avute pumzi aishike, kavu. Chini, kibofu kimejaa vizuri, nyuma yake kavu. Moyo unapiga zake. Nikamfuta jeli kwa taulo.

"Kwa hivyo sina kitu."

"Saa hii sijaona damu, mama. Saa kumi na mbili nitarudi."

Akafyonza, akavuta leso hadi kidevuni na kugeukia ukutani. "Uje basi," akasema, "lakini hiyo jeli uipashe moto. Baridi kama barafu ya samaki."